Nyundo za Chuma Cheupe

Nilikuwa na wivu, na haukuwa wivu kidogo. Watu wa rika langu wakisimulia maisha yao hupenda kusema walionewa, walidhulumiwa, walipigwa vita. Mimi katika habari hii sikuonewa na mtu. Nilimwona kijana akifanya kazi yangu vizuri kunishinda, roho ikaniuma, basi.

Ilikuwa miaka ile ya kwanza ya uhuru, hapa Kakamega. Wazungu waliochimba dhahabu walikuwa wameshaondoka, wakaacha mashimo yaliyojaa maji, vibanda vya mabati visivyo na milango, na kilima cha mawe ambayo wao waliyaona hayana faida. Mfanyabiashara mmoja wa Lurambi alinunua kile kilima pamoja na mtambo wa kusagia mawe. Sisi tulimwita tajiri, kama kila mtu anavyomwita anayempa kazi. Alisema dhahabu ambayo Mzungu aliidharau, yeye ataipata. Na mimi alinikuta palepale, maana nilikuwa nimembebea fundi wa Kizungu sanduku la spana miaka na miaka, na mtambo ule hakuna mtu mwingine aliyebaki kuujua.

Mtambo wenyewe si jambo la kumsumbua mtu kichwa. Ni pipa nene la chuma lililolazwa, ndani yake kuna mhimili, na kwenye mhimili zinaning'inia nyundo kumi na mbili. Injini ikivuta mkanda, mhimili unazunguka, nyundo zinanyooka na kuyapiga mawe mpaka yawe unga. Unga unapita kwenye chekeche, unaenda kuoshwa. Sasa, kinachokufa kwanza ni nyundo. Jiwe la dhahabu la kwetu ni jeupe na kali, linakula chuma. Nyundo zikishalika, mawe hayasagiki sawasawa, na dhahabu inabaki ndani ya chenga na kutupwa nayo. Kwa hiyo kukaza nati anaweza mtu yeyote mwenye mkono. Fundi wa mtambo ni yule anayejua nyundo ziwe za chuma gani.

Tajiri alitwambia kwamba masika yakiisha atamtaja fundi mkuu, na fundi mkuu atahamia nyumba ya matofali aliyoiacha meneja wa Kizungu. Nyumba hiyo ilikuwa na sakafu ya saruji, madirisha ya vioo na jiko lenye dohani. Mke wangu hakungoja masika. Alikwenda akapima madirisha kwa kamba ya katani, akaja na kamba yenye mafundo, akaitundika juu ya kitanda chetu. Nilimwambia ajipe subira, lakini moyoni nilishahamia.

Ndipo akaja kijana wa Butere.

Alikuwa amefunzwa katika karakana ya reli Nairobi, na tajiri alimchukua kwa sababu alisikia watu wakimsifu. Mikono yake ilikuwa safi. Sijui kwa nini hilo lilinikera hivyo, lakini mikono yake ilikuwa safi hata jioni, maana aliinawa kila alipomaliza jambo. Mfukoni aliweka tupa ndogo iliyofungwa kwenye leso na kipande cha sumaku. Akikutana na chuma asichokijua, anakikwaruza kwa tupa, anakigusisha sumaku, anakitikisia kichwa kana kwamba wamesalimiana. Mimi aliniita mzee fundi. Nilikuwa na miaka thelathini na minne.

Siku ya kwanza tajiri alituita wote wawili karibu na mtambo. Nyundo za zamani zilikuwa zimelika zikabaki vijiti. Akauliza tuweke zipi.

Nilijibu kabla hajafunga mdomo. Stoo kulikuwa na makasha mawili ya nyundo walizoacha Wazungu, za chuma cha manganizi. Ni chuma cha ajabu. Sumaku haikishiki, na kikiwa kipya si kigumu sana, lakini kadiri kinavyopigwa ndivyo uso wake unavyokomaa. Baba yangu, ambaye alikuwa mhunzi, aliwahi kukitia motoni akitaka kufua panga, kikampasukia. Nilimweleza tajiri haya yote. Nikamwambia kwamba wakati wa Mzungu seti moja ilikuwa inavuka masika mazima.

Kijana akauliza kwa adabu, "Mzee fundi, wakati huo mawe yalikuwa yanaingia makubwa kiasi gani?"

"Makubwa ya kutosha," nilimwambia. "Wewe uliza mengine."

Akageuka akawatazama akina mama. Walikuwa kama ishirini, wamekaa juu ya kile kilima cha mawe, kila mmoja na nyundo yake ya mkono na mfuko wa gunia mapajani, wanapasua mawe mpaka yawe madogo kama mapera. Tajiri aliamuru hivyo kwa sababu ile injini kubwa ya Wazungu ilishauzwa, na hii yetu ndogo haikuweza kuvuta mawe makubwa. Kijana aliwatazama muda mrefu. Mimi nilidhani nimemziba mdomo.

Tukafunga nyundo zangu. Hazikumaliza wiki mbili. Nilifungua kifuniko nikakuta zimelika pembeni, zimekuwa za mviringo, laini kabisa, kama sabuni ya kufulia. Niliziona peke yangu kwanza na nikakirudisha kifuniko. Nikakaa kwenye ndoo. Sikuelewa. Nilidhani labda Wazungu walituachia zilizo mbovu makusudi, na nilikuwa tayari kumwambia tajiri hivyo.

Kijana ndiye aliyeeleza, mbele ya watu wote, tena bila kujigamba, na ingekuwa nafuu kama angejigamba. Alisema chuma cha manganizi si kibovu. Kinataka kipigo kizito ndipo kikomae. Wakati wa Mzungu mawe yalikuwa yanaingia makubwa kama kichwa cha ndama, yakakipiga kikawa kigumu. Sasa akina mama wanayapasua kwanza, yanafika madogo, hayapigi. Yanakwaruza tu. Kwa kukwaruzwa, chuma hicho hakikomai, kinalika tu. Tunataka chuma kilicho kigumu tangu mwanzo: chuma cheupe cha kumimina, chenye kromu ndani, ambacho ukikivunja unaona ndani kumemetameta kama chumvi ya mawe.

"Kinavunjika kirahisi," nikasema.

"Ni kweli, mzee fundi. Kikikutana na jiwe kubwa au chuma kingine, kinavunjika. Lakini mawe yetu ni madogo."

Watu wakamtazama yeye. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, miaka yangu yote na mtambo ule, na sikuwahi kujiuliza swali alilouliza siku ya kwanza. Hilo ndilo lililoniuma. Angenishinda kwa jambo la vitabuni ningesema amesoma. Alinishinda kwa kuangalia akina mama ambao mimi nilipita katikati yao kila asubuhi.

Nyundo zake zilikuja kwa treni mpaka Butere, akaenda kuzichukua mwenyewe. Tukazifunga. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Kila Jumamosi alifungua kifuniko, akapima kwa ufito wa bati alioukata mwenyewe, akamwonyesha tajiri. Hazikupungua hata upana wa ukucha. Tajiri akaanza kumwita mwanangu. Akaacha kuniuliza mimi mambo, akinikuta anauliza, "Kijana yuko wapi?" Nyumbani mke wangu akaitoa ile kamba juu ya kitanda. Sikumwuliza ameipeleka wapi.

Nilimchukia kwa vitu vya kipuuzi. Nilichukia alivyokula obusuma, ugali wetu, kwa kumega vitonge vidogo vidogo. Nilichukia kwamba akina mama walimwachia nafasi pale kibandani mvua ya alasiri ilipoanza. Alikuwa ananisalimu kwanza kila siku, na kila siku nilitamani asahau, nipate la kumlaumu. Hakusahau.

Tegemeo langu lilikuwa moja tu. Kile kilima cha mawe hakikuwa cha mawe matupu. Mimi nilikuwapo kilipokuwa kinamwagwa, na nilijua kilivyojaa vipande vya patasi za kutobolea miamba, misumari ya reli na nati. Kipande kimoja tu kikiingia kati ya zile nyundo nyeupe, kwisha. Nikangoja. Sikumwonya mtu. Kila asubuhi niliwasha injini nikiwa nimetega sikio, na kila jioni niliizima nikiwa nimekasirika kwamba hakuna kilichotokea. Nikaona kama hata bahati imehamia upande wake.

Jumapili moja nilikwenda kumwona baba. Kiwanda chake cha uhunzi kilikuwa karibu na Lubao, kando ya barabara. Nilimkuta anafua jembe, na nyuma yake, chini ya ukingo wa paa, kulikuwa na lundo la vyuma. Nilipochungulia nikaona patasi za miamba zilizovunjika, misumari ya reli, nati.

"Hivi umevitoa wapi, baba?"

"Si kwa wale mama wa kwenu," akasema, huku anapiga. "Wakipasua mawe wanaokotanga. Kila mmoja ana kopo lake. Likijaa analeta, mimi namnolea panga, au namtilia jembe jino. Mmoja nimemfulia jembe zima."

Nilisimama pale nikaelewa kila kitu. Nyundo za kijana zilikuwa salama kwa sababu ya majembe ya akina mama. Walikuwa wanachambua kila chuma kilichokuwa mle kwenye mawe, vizuri kuliko sumaku yoyote, kwa sababu kila kipande kilikuwa na faida kwao. Yeye mwenyewe hakujua. Tajiri hakujua. Nilikuwa mimi peke yangu ninayejua, na mtu mwingine angeona hiyo ndiyo nafasi ya kwenda kusema: jamani, tuwawekee akina mama makopo makubwa zaidi, hapa ndipo penye siri ya mtambo. Ningesifiwa. Labda ningepata hata nyumba. Lakini nyundo zingebaki zake, na watu wangesema kijana alichagua vizuri na mzee fundi akamsaidia. Neno hilo, akamsaidia, sikuweza kulimeza.

Nikamwambia baba, "Tajiri amepata habari. Anasema chuma chote kilichomo kwenye mawe ni mali yake. Anayekichukua ni mwizi na anayekipokea ni mwizi. Atakuja na askari."

Baba aliweka nyundo chini. Alikuwa mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya askari, na alijivunia hilo kuliko ufundi wake. Aliniuliza kama ni kweli. Nilisema ni kweli. Akasema basi, atawaambia akina mama.

Sitajitetea. Nilijua ninachofanya. Kitu kimoja tu sikukijua: nilidhani akina mama wataacha kuokota na vyuma vitaingia kimoja kimoja, kwa bahati mbaya. Nilisahau ni watu gani. Waliposikia kwamba chuma ni mali ya tajiri na kwamba wameitwa wezi, waliyamwaga makopo yao yote, hata ya wiki zilizopita, wakavichanganya vyuma hivyo na mawe yaliyopasuliwa na kuyapeleka kwenye mtambo. Walikuwa wanamrudishia mwenye mali mali yake. Mama mkubwa wao, mjane mmoja aliyekuwa akisikizwa na wote, alihakikisha hakuna aliyebaki hata na msumari.

Ilikuwa Jumanne, jua halijawa kali. Nilikuwa kwenye injini. Kwanza kukawa na mlio ambao siwezi kuusahau, halafu mwingine, halafu pipa zima likaanza kutetemeka. Kipande kimoja kilitoboa kifuniko kikapita kwenye mabati ya paa. Kingine kilimpata kijana mkononi, juu kidogo ya kiwiko, alipokuwa anakimbilia kunipa ishara ya kuzima. Nilizima. Akina mama walikuwa wamelala chini, wamejifunika vichwa kwa mikono.

Alifungua kifuniko damu ikimchuruzika. Nyundo saba kati ya kumi na mbili zilikuwa zimevunjika, na nyuso zake zilimetameta ndani vilevile alivyosema. Tajiri alikuja akaokota kipande, akakigeuza.

"Umeniwekea glasi," akamwambia. "Nilimwacha mtu wangu nikakusikiliza wewe."

Kijana alisema kosa ni lake, kwamba fundi anayechagua chuma kinachovunjika lazima ajue kila kinachoingia, na yeye hakujua. Tajiri hakutaka kusikia. Alimpa mpaka mwisho wa wiki.

Na mimi, je? Nilifurahi. Niseme nini kingine. Nilimfunga mkono kwa kitambaa safi na nikafurahi. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mke wangu atafute ile kamba.

Ijumaa kijana alikuja kwangu, sanduku lake limefungwa kwa kamba, anaenda kupanda gari la kumpeleka Butere. Mke wangu alimkaribisha kwa kuku, akachinja ingokho kabisa, kwa sababu hakujua lolote na alimhurumia. Tukala. Kijana alimega vitonge vyake vidogo kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umening'inizwa kwenye leso. Mke wangu alipoondoa vyombo, kijana akaniambia:

"Jana nilikwenda Lubao. Nilitaka kujua kwa nini vyuma vimeingia siku moja, vingi hivyo. Mama mkubwa alinielekeza kwa mhunzi. Sikujua kwamba ni baba yako."

Sikuweza kuinua macho.

"Aliniambia ulichomwambia. Nikamwuliza kama tajiri alisema kweli, akasema ndiyo, mwanangu haniongopei. Nikamwacha hivyo hivyo."

"Umemwambia tajiri?"

"Sijamwambia." Akajipangusa vidole, kimoja kimoja. "Mimi nilikuwa nadhani hukijui chuma kile, mzee fundi. Kumbe unakijua kuliko mimi. Mimi nilijua kinavyodumu. Wewe ulijua kinavyovunjika, na nani anakizuia kisivunjike. Hukuwa na haja ya kufanya hivi. Ungeniambia, ningekuwa mwanafunzi wako."

Alimshukuru mke wangu kwa chakula, akaondoka. Nilimsindikiza mpaka kwenye ua, kama desturi. Sanduku alilibeba kwa mkono mmoja na hakukubali nimsaidie.

Jumatatu tajiri alituita wote. Akasema mbele ya watu kwamba mimi ni fundi mkuu, na ufunguo wa nyumba ya matofali akanipa pale pale. Halafu akaniuliza tuagize nyundo gani.

Nilikuwa na makasha yale mawili stoo. Ningesema manganizi, na wiki mbili baadaye ningekuwa nimekaa tena kwenye ile ndoo. Nikasema, "Hizo nyeupe."

"Hizi hizi zilizovunjika?"

Ikabidi nieleze. Nilieleza juu ya mawe madogo, juu ya kukwaruza na kupiga, neno kwa neno kama alivyoeleza yeye, kwa sababu sikuwa na maneno mengine yaliyo sahihi. Nikasema hazitavunjika tena kama hakuna chuma kitakachoingia. Tajiri alisikiliza akitikisa kichwa, akasema huyu ndiye fundi, anaweza kuchukua hata kosa la mwenzake akalirekebisha. Watu wakapiga makofi.

Yule mjane alikuwa amesimama mbele, nyundo yake ya mkono bado ameishika. Akaniuliza, "Na tukiona chuma ndani ya mawe, fundi, tukipeleke wapi?"

"Kwa baba," nikasema. "Kama zamani."

"Kwa hiyo si wizi tena."

Tajiri akageuka. "Wizi gani, mama?"

Mjane alinitazama mimi, hakumtazama tajiri. Wote ishirini walikuwa wananitazama, na nikaona kwamba walikuwa wanajua tangu siku ile nyundo zilipovunjika.

"Hakuna, mzee," akasema. "Tulikuwa tunauliza tu."

Wakarudi kwenye mawe yao. Tajiri alinishika mkono akanipongeza, na nilikuwa nashukuru kwa mdomo, ufunguo ukiwa kwenye kiganja changu kingine, huku nikimfikiria yule kijana kwao Butere, mkono umefungwa, hana kazi, hana nyumba, na anaweza kumtazama mtu yeyote machoni. Nilimwonea wivu siku ile kuliko siku zote alizokuwa pamoja nasi, na haujaniisha.